Uvimbe Usiouma Chini ya Sikio

Uvimbe wangu haukuwahi kuniuma, na hilo ndilo lililonichelewesha. Ungeniuma hata siku moja ningeuogopa. Ulikaa tu chini ya sikio la kushoto, pale taya linapopinda kuelekea shingoni, ukiteleza kidogo ukiusukuma kwa kidole, kama punje ya kunde iliyopotelea ndani ya ngozi. Niliugundua nikinyoa ndevu kwenye nyumba ya wageni. Sikumbuki ilikuwa wapi, maana miaka ile nililala zaidi kwenye nyumba za wageni kuliko nyumbani kwangu.

Naandika haya kwa sababu tangu nipone watu hunivuta pembeni. Wananishika mkono, wanainamisha shingo, wanasema, "Hebu papasa hapa, kaka." Mimi si daktari. Nilimaliza kidato cha nne, na baiolojia niliyofundishwa ilibaki huko huko shuleni. Siwezi kumwambia mtu ana nini. Naweza kusimulia tu nilivyopita mimi, na pale nilipopoteza muda, ili wewe usiupoteze.

Mimi ni mtu wa minada. Nauza kamba, mapanga, tochi, mabuti ya mpira na kengele za ng'ombe. Kila mnada una siku yake, na mimi na pikipiki yangu tulizifuata siku hizo kuanzia vijiji vya Butiama, tukashuka Bunda, tukaenda hadi kando ya ziwa. Nilizaliwa Kibara. Baba alivua na kulima pamba, na mpaka leo harufu ya dagaa wakianikwa inaweza kunisimamisha katikati ya safari nikabaki nimeshika breki bila sababu. Lakini nikifika Kibara naitamani Musoma, na nikiwa Musoma nakumbuka asubuhi za baridi za Butiama. Nyumba yangu iko Manyamanyama, hapo Bunda mjini. Mke wangu Nyanjura, ambaye wote tunamwita Mama Neema, aliwazoesha watoto kunipokea begi kama wanavyompokea mgeni.

Kwa hiyo matibabu yangu yalifuata ratiba ya minada. Nikiwa na siku ya mnada mahali, naingia zahanati ya hapo, naonyesha uvimbe, napewa dawa, kesho nipo pengine. Wa kwanza alisema ni tezi imevimba kwa maambukizi, akanipa vidonge. Wa pili akasema hivyo hivyo, akanipa vidonge vile vile. Mwingine alisema ni jino, nikang'olewa gego. Nililiona mkononi mwa aliyeling'oa, jeupe na zima, halina hata kitobo. Nikamshukuru, nikalipa, nikapanda pikipiki huku nimeuma pamba. Kila nilipofika nilikuwa mgonjwa mpya, na uvimbe ulikuwa kama umeanza asubuhi ile.

Halafu kulikuwa na shangazi yangu, Nyangeta, dada wa baba, anayekaa Guta. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, kwa hiyo neno lake kwangu ni zito. Siku moja nilipita kumsalimia. Alinishika taya, akanigeuza uso kwenye mwanga kama mtu anayekagua nazi.

"Hii ni matumbwitumbwi," akasema.

"Shangazi, matumbwitumbwi yanakaa wiki. Hii ina mwaka sasa."

"Ya mtu mzima yanakaaga. Wewe hukuugua utotoni. Wenzako wote waliugua mwaka ule, wewe ulikuwa umetorokea Ukerewe kwa wajomba zako. Sasa yamekupata."

Kwetu, mtoto akivimba mataya, anafungiwa mzigo mdogo wa kuni kichwani, kamba inapita chini ya kidevu, anakimbia kuuzunguka mti na kuukabidhi mti ule ugonjwa wake. Kisha anautupa mzigo hapo na kurudi nyumbani bila kugeuka. Niliwaona watoto wakubwa wakifanya hivyo nikiwa mdogo, na niliwaonea wivu. Sikutegemea kufanya hivyo nikiwa na miaka arobaini na kitu, na funguo za pikipiki zikigongana mfukoni.

Lakini nilifanya. Shangazi alinifunga kuni mwenyewe. Kulikuwa na mkuyu nyuma ya shamba lake, na wanawake waliokuwa wanaanua muhogo juu ya mwamba waliacha kazi.

"Kimbia, baba! Mti unakusubiri!" mmoja akapiga kelele.

"Usianguke, tutakosa wa kutuuzia mabuti!"

Nilikimbia. Nilisema maneno niliyoambiwa niseme, nikautupa mzigo, nikarudi bila kugeuka, nikihema na kucheka. Shangazi alinipa uji wa mtama na akaonekana ametua mzigo kuliko mimi. Sitanii ninaposema kwamba siku ile ilikuwa njema. Ubaya wake ulikuja polepole: ukishakabidhi kitu, huendelei kukichungulia. Niliacha kuupapasa. Nikinyoa, naruka pale. Masika ikapita, pamba ikavunwa, vuli ikaja, na mimi nikihesabu kwamba jambo lile limekwisha.

Helmeti ndiyo iliyonirudisha. Nilikuwa naifunga kila asubuhi kwa miaka, mkanda ukipita chini ya kidevu na kubana. Asubuhi moja nikielekea mnadani Butiama, mkanda haukufika. Nikalegeza tundu moja, ukafika, lakini ukabana upande wa kushoto tu. Njiani kote nilihisi kama kuna mtu ameweka kidole gumba chini ya sikio langu na hataki kukitoa. Nilipoivua, nilipapasa. Ile punje ya kunde ilikuwa sasa kama yai la kanga.

Nilipanga bidhaa, nikamwomba jirani yangu wa meza aniangalizie, nikaenda kituo cha afya. Tabibu alikuwa dada mmoja wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, ana sauti ya upole lakini haachii swali.

"Umeanza lini?"

"Muda kidogo, dokta."

"Muda kidogo wa wiki, au muda kidogo wa miaka?"

"Miaka miwili na kitu."

"Nani ameuona kabla yangu?"

Nikamtajia wote, kituo kimoja baada ya kingine, kama mpiga debe anayeita safari. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Katika hao wote, ni nani aliyekuona mara mbili?"

Nikafikiri. Nje ng'ombe walikuwa wanalia mnadani na mtu anatangaza bei. "Hakuna," nikasema.

"Ndiyo maana. Uvimbe wako umeshikwa na watu wengi, baba, na hakuna anayeujua. Kila mmoja ameuona siku moja. Ukionwa siku moja, nani atajua kwamba unakua?"

Aliniambia nikunje uso, nifumbe macho kwa nguvu, nijaze mashavu hewa, nimwonyeshe meno. Nilifanya yote, nikijiona kama mtoto anayechekesha wenzake. Hakucheka. Alisema uso wangu bado unafanya kazi pande zote mbili na tuuwahi ukiwa hivyo. Akaniambia kwamba hapo pana tezi kubwa ya mate, na kwamba vitu vinavyoota kwenye tezi hiyo ni vya nadra, vingine salama na vingine siyo, na kwa kushika tu kwa mkono hakuna anayeweza kuvitofautisha. Akaniandikia rufaa ya kwenda Musoma.

"Sharti ni moja," akasema. "Atakayekushika mara ya kwanza Musoma, umrudie huyo huyo. Usije ukaniambia ulikuwa na mnada Kibara."

Nilimwahidi. Mama Neema nilipomweleza jioni ile aliuliza swali moja tu: "Ni saratani?" Nikamjibu kwamba ndicho tunachokwenda kuuliza. Kuanzia siku ile swali hilo lilikaa nasi ndani ya nyumba, tukila nalo, tukilala nalo.

Hospitali ya Musoma ina benchi refu nje ya chumba cha daktari wa masikio, pua na koo. Upepo wa ziwa unafika pale, na msimu wa sani, wale wadudu wadogo wa ziwani, huingia mpaka kwenye kikombe chako cha chai. Benchi hilo nimelikalia mpaka nalijua ubao kwa ubao. Siku ya kwanza nilikaa karibu na mama mmoja mtu mzima wa kutoka Tarime, Mama Bhoke, aliyekuja kwa ajili ya masikio. Kwa kuwa hakusikia vizuri, aliongea na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto.

"Wewe una nini?"

"Uvimbe," nikasema chinichini.

"Uvimbe! Wapi? Hebu geuka!"

Benchi zima likageuka nami. Akainama, akautazama.

"Mbona mdogo! Mimi nilidhani umebeba mzigo. Na mke wako yuko wapi?"

"Yuko Bunda, mama."

"Umekuja mwenyewe? Mwanaume akijaga hospitali mwenyewe, ujue kuna kitu anaficha. Safari ijayo mlete!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Safari iliyofuata nilimleta Mama Neema. Mama Bhoke alikuwa ametuwekea nafasi kwa kutandika khanga yake kwenye benchi, na akampokea mke wangu kama mkwe.

Daktari wa Musoma alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye mikono mikavu yenye joto. Alisema kwanza tuchukue maji kidogo ya ndani kwa sindano yapelekwe Mwanza kupimwa. Sindano ile inachoma kama nyuki na inaisha upesi kama nyuki. Yanayochosha ni majibu. Tulisubiri wiki tatu, na nilipofika nikaambiwa kilichotoka ni damu tu, seli hazikutosha, turudie.

Huo ndio wakati nilipotaka kukimbia. Nilikuwa nimeshakaa nyumbani mwezi, na sijui kukaa. Nilipanga upya banda la kuku mara mbili. Nilimkosoa Mama Neema anavyopanga sufuria, akanitazama mpaka nikatoka nje. Mabasi ya Mwanza na ya Musoma yalipopiga honi barabarani nilijikuta nimesimama. Nilimwambia mke wangu kwamba ninaweza kupimiwa popote, hata Ukerewe kuna hospitali.

"Popote ndipo ulipopimiwa miaka miwili," akanijibu, na akaendelea kuchambua mchele.

Nikarudi Musoma, mlango ule ule, mikono ile ile. Daktari alinishika kabla hata sijakaa. "Umeongezeka," akasema. Hakuangalia popote, mikono yake ilikumbuka. Nilishangaa nilivyofarijika kusikia habari mbaya kama ile kutoka kwa mtu anayenijua.

Majibu ya pili yalisema seli zipo na si za kawaida, lakini ni za aina gani hawakuweza kusema. Nilimuuliza daktari swali la Mama Neema.

"Sijui," akasema.

Nilikuwa sijawahi kusikia daktari akilitamka neno hilo waziwazi. Alieleza taratibu. Vivimbe vya tezi za mate vina sura nyingi, na vingine mtu anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane navyo. Tone la sindano haliwezi kusimulia habari yote. Njia ya kujua ni kuutoa wote mzima, pamoja na nyama iliyouzunguka, kisha wataalamu wa Mwanza waukate vipande vyembamba na kuutazama. Na katikati ya tezi ile unapita mshipa wa fahamu unaoendesha uso: jicho, shavu, mdomo. Daktari wa upasuaji angeupisha kisu pembeni yake, lakini hakuna anayeweza kuapa.

Kwa hiyo nilikuwa nachagua: nibaki na uso wangu na nisijue, au nijue na labda uso upooze. Mimi naishi kwa mdomo. Mnadani mtu asiyeweza kunadi ni bora abaki nyumbani.

Shangazi alikuja Manyamanyama kutoka Guta, amebeba jogoo na msimamo wake. Tulikaa sebuleni.

"Uvimbe hauguswi na chuma," akasema. "Ukiuchokoza unakasirika. Mmeshauchoma sindano mara mbili, umekua. Mnataka nini tena?"

"Ulikuwa unakua kabla ya sindano, shangazi," nikasema.

"Ng'ombe wa baba yako alikuwaga na kivimbe hapo hapo shingoni. Hakuna aliyemgusa. Alikufa kwa uzee."

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Shangazi," akasema, "yule ng'ombe hakuwa na mke wa kumsubiri asijue anasubiri nini."

Shangazi alimtazama. Wale wawili hawajawahi kugombana mbele yangu, na nikaona kwamba ningenyamaza wangegombana kwa ajili yangu na jambo hilo lisingefutika. Nikasema nitakatwa. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia.

Shangazi akainuka, akaenda nje kwa jogoo wake. Baadaye akarudi, akauliza, "Huyo wa kukata, atakata uvimbe wenyewe?"

"Hapana. Kasema atazunguka pembeni, autoe na ganda lake."

"Kama hivyo," akasema, na akaomba chai. Hakukubali, lakini hakupinga tena. Siku ya safari alituma mtu alete chupa ya samli, na ujumbe kwamba nisiwape manesi.

Nilikatwa Mwanza mwanzoni mwa masika. Sitaeleza mengi kuhusu chumba chenyewe kwa sababu sikuona kitu. Nilihesabu mpaka nne, nikaamka nimefungwa bandeji kama mtu mwenye maumivu ya jino kwenye vichekesho, na mrija mwembamba umetoka shingoni ukiingia kwenye kichupa. Nesi wa zamu alinishikia kioo. Upande wa kulia nilikuwa mimi. Upande wa kushoto mdomo ulikuwa umeshuka, na jicho likinitazama bila kufumba.

Daktari wa upasuaji alisema mshipa haukukatwa, umechoka tu kwa kusukumwa, utaamka kidogo kidogo. "Miezi," akasema. Sikumuuliza mingapi.

Nataka niseme wazi jinsi mwili ulivyokuwa, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Sikio lilikufa ganzi, na mpaka leo ncha yake haina habari. Nikiweka simu pale ni kama naiweka kwenye sikio la mtu mwingine. Chai ilimwagika kwenye kona ya mdomo. Ugali ulijificha ndani ya shavu mpaka niutoe kwa kidole. Jicho lilikauka, na kila usiku Mama Neema alilitia dawa, akalifunga kwa plasta taratibu, akisema "Lala wewe" kwa jicho lile kama anavyobembeleza mtoto. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na nadhani hatukuwahi kukaa karibu kwa muda mrefu kiasi kile.

Na herufi. Midomo isipokutana, kuna herufi zinazokataa. Nilijaribu uani, nikidhani niko peke yangu, kunadi kama zamani: "Bei poa, bei poa, buti la Bunda!" Ilitoka upepo mtupu. Nyuma ya ukuta nikasikia watoto wangu wakijibana wasicheke, halafu Neema akashindwa, halafu wote. Nilicheka kwa nusu ya uso. Kuanzia siku hiyo likawa zoezi letu la jioni, na watoto walinihukumu kama majaji: "Leo 'bei' imefika, 'poa' bado iko Kibara."

Shangazi alipokuja kuniona alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Wamekurudisha nusu," akasema.

"Nusu nyingine iko njiani, shangazi."

"Na uvimbe wameuweka wapi?"

Nilimweleza kwamba uko Mwanza, unakatwa vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu ili watu wautazame kwa darubini. Alitafakari. "Basi hao wana kazi," akasema, na kwa mara ya kwanza akakaa karibu na Mama Neema, akamsaidia kuchambua mboga.

Majibu hayakuja upesi. Baada ya mwezi mmoja walisema vipimo vya kawaida havikutosha, wanaongeza vingine. Mvua ilinyesha kila alasiri, mahindi ya majirani yakapanda mpaka dirishani, na sisi tulikuwa bado na lile swali. Watu wa kanisani walikuja kuomba nasi, wakala, wakaondoka. Wapo walioacha kuja. Nadhani hawakujua waangalie upande gani wa uso wangu, na siwalaumu. Nilijifunza kutembea: mpaka stendi, kurudi, kesho mpaka mbele ya stendi, kurudi. Kwa mtu aliyezoea kwenda bila kurudi, kurudi kila jioni mahali pale pale kulikuwa jambo geni, na sijui siku gani liliacha kuniudhi.

Simu ilipigwa mahindi yakiwa yameanza kukauka. Tulikwenda Musoma wote wawili. Benchi lilikuwa limejaa sura ngeni, na nikajikuta mimi ndiye ninayewaelekeza wengine mlango upi ni wa nini.

Daktari alikuwa na karatasi mezani. Hakuzunguka.

"Ni saratani," akasema. Mkono wa Mama Neema ukakaza juu ya goti langu. "Ni ya aina adimu sana. Nimeisoma kwenye vitabu, sijawahi kumshika mwenye nayo mpaka wewe. Lakini ni ile ya taratibu. Kingo zote ni safi, hakuna iliyobaki, na kwenye matezi ya shingo haikufika. Hutahitaji mionzi."

Mama Neema aliuliza, "Kwa hiyo imetoka?"

"Imetoka. Lakini nitataka kumshika shingo kila baada ya miezi mitatu, kisha sita, kwa miaka mingi. Mimi, au atakayekaa kwenye kiti hiki baada yangu na faili lake."

Nilidhani nikisikia neno lile nitaanguka. Sikuanguka. Uvimbe ulikuwa na jina sasa, na mipaka, na mtu aliyeuona mwanzo wake na mwisho wake. Miaka miwili na zaidi nilitembea na kitu kisicho na jina, nikijiona mzima, na sasa nilitoka pale na jina la ugonjwa wenyewe nikijisikia mwepesi. Tulikwenda mpaka kwenye mawe makubwa ya ziwani, tukanunua sato wa kukaangwa, tukala kwa mikono, na Mama Neema akalia kidogo, akanawa, akaniambia niongeze chumvi.

Hiyo ni misimu kadhaa nyuma. Uso umerudi karibu wote. Nikichoka sana mdomo unashuka kidogo upande wa kushoto, na wateja wapya hudhani nawadharau. Minada nimepunguza: nachukua ile ninayoweza kwenda na kurudi. Bado napenda barabara, bado harufu ya dagaa inanisimamisha. Tabibu wa Butiama nilimpitia nikamwonyesha mshono. Aliniambia nikunje uso, nijaze mashavu, nionyeshe meno, na safari hii alicheka.

Kwako unayesoma ukiwa na kidole chini ya sikio: uvimbe usiouma nao ni uvimbe. Tafuta mtu mmoja auone, kisha umrudie, hata kama hupendi majibu yake, hata akikuambia hajui. Mpeleke mwenzako. Ukiambiwa turudie kipimo, rudia. Na kama shangazi yako anataka uuzunguke mti, uzunguke, unywe na uji, halafu kesho yake nenda hospitali.

Kuna jambo moja lililobaki ambalo daktari alinionya na sikumwamini. Alisema mishipa midogo ya fahamu iliyo ndani ya tezi ikikatwa na kuota upya, ile iliyokuwa ya mate inaweza kupotea njia ikajiunga na ya jasho. Ikawa kweli. Nikianza kula, na siku nyingine nikisikia tu harufu ya limau likikamuliwa juu ya samaki, shavu la kushoto linatoa jasho. Shavu hilo tu. Linatiririka mpaka shingoni, na mimi sihisi hata joto.

Daktari alisema kuna dawa ya kupaka kama linanikera. Halinikeri. Jioni nikiingia nyumbani humwambia Mama Neema asihangaike, nimekula njiani, sina njaa. Anafunua sufuria, anasubiri kidogo, ananitazama shavu. Kisha ananiwekea ugali.